Tiketi moja, makato matano

Shangazi yangu wa Peramiho alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aprili 2024 binti yake anayefanya kazi Muscat alijifungua mtoto wa kwanza, na mama akaitwa akamlee mzazi. Kazi ya kukata tiketi nilipewa mimi, kwa kuwa kwenye ukoo wetu ndimi mwenye kompyuta na kadi ya benki inayokubalika mtandaoni. Usiku mmoja nilikaa sebuleni kwangu Bombambili, Songea, nikapekua tovuti moja baada ya nyingine, mpaka nikakuta moja ya nje iliyokuwa na bei nafuu kuliko zote. Nikajaza jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, nikaweka namba za kadi, benki ikanitumia namba ya siri ya mara moja kwa SMS, nikaiandika. Tiketi ikaingia kwenye barua pepe. Nilimpigia saa ile ile, akapiga vigelegele nikavisikia simuni.

Shangazi alikwenda, akamwogesha mjukuu, akarudi. Safari iliisha. Malipo yake hayakuisha.

Nililijua hilo Oktoba, nilipokwenda benki kuchukua fedha ya mbolea nikakuta pungufu. Dada wa dirishani alinichapia taarifa ya akaunti, akaigeuza upande wangu, akaanza kushuka nayo kwa ncha ya kalamu. Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba. Kila mwezi mstari mmoja, tarehe ile ile, jina lile lile la kigeni ambalo halikufanana na jina la tovuti niliyokatia tiketi: dola 14.99. Ukibadilisha kwa shilingi na kuongeza ada ya benki, ni karibu shilingi 40,000.

"Kaka, hawa unawafahamu?"

"Hapana."

"Mfumo unaonyesha uliwaruhusu."

Kisha akauliza, kwa upole kabisa, swali ambalo nimeulizwa na kila niliyemsimulia habari hii tangu siku ile: "Kwani hukusoma?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo likinichoma. Nikafungua tovuti ile tena, nikafanya kama nakata tiketi nyingine, nikasimama hatua moja kabla ya kulipa. Bei mbili zilikuwa pale. Moja kubwa, ya rangi kali, ya wanachama. Nyingine ya juu zaidi, ya wasio wanachama, imefifia kama nguo iliyoanikwa juani mwaka mzima. Chini yake kijisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya vema, na pembeni yake Kiingereza cha herufi ndogo za kijivu: siku 30 za majaribio ni bure, baada ya hapo dola 14.99 kila mwezi mpaka utakapositisha. Chini kabisa, kitufe kikubwa cha kijani kikisema endelea. Kwenye skrini ya simu yale maandishi ya kijivu yalikuwa hayaonekani mpaka uteremshe ukurasa, ilhali kitufe cha kijani kinaonekana muda wote.

Basi jibu ni kweli, sikusoma. Lakini yule aliyepanga ukurasa ule alifanya kazi kubwa ili nisisome.

Miezi mitano kwa shilingi 40,000 ni shilingi 200,000. Kwa msomaji wa Ruvuma sina haja ya kuipima kwa dola. Msimu ule wa 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulinunua mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo. Kwa bei hiyo nilitoa karibu magunia matatu ya kilo mia, nikampa mtu nisiyemjua, kwa huduma ambayo sikuitumia hata siku moja.

Wengine watasema hili ni tatizo la wachache wenye kadi na wanaopanda ndege. Ndivyo nilivyodhani mimi pia, hadi nilipokaa na simu ya mama anayeniuzia ndizi sokoni. Alilalamika kwamba vocha haikai, simu inakula hela. Tulifungua ujumbe wake mmoja mmoja. Alikuwa amejiunga na huduma ya mlio wa simu, ya vidokezo vya afya na ya matokeo ya mpira, na hakumbuki kujiunga hata na moja. Bila shaka siku moja ujumbe uliruka kwenye skrini, akabonyeza ili uondoke. Hata ikiwa huduma ni ya shilingi 100 tu kwa siku, mwaka mzima ni shilingi 36,500. Mashine iliyonikata mimi kwa dola humkata yeye kwa shilingi mia. Tofauti ni kwamba mimi nilichapiwa karatasi, na yeye hana wa kumchapia.

Kwa nini tunakatwa muda mrefu hivi bila kushtuka? Nadhani ni kwa sababu tumezoea neno makato. Mkulima wa ufuta au mbaazi anayepeleka mzigo ghalani anajua kwamba bei iliyotangazwa mnadani siyo itakayomfikia mfukoni. Kuna ushuru wa chama, ushuru wa halmashauri, gharama za ghala. Mfanyakazi anajua mshahara una makato. Anayetuma fedha kwa simu anajua kuna ya kutolea. Nilipoona zile SMS za benki kati ya Mei na Septemba, maana zilikuja, nilidhani ni makato. Neno moja lilitosha kunilaza.

Lakini tukumbuke nguvu tuliyo nayo makato yanapojitaja kwa jina. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza nchini, na kwa muamala mkubwa ilifika shilingi 10,000. Kila aliyetuma fedha aliiona. Ilizungumzwa kwenye daladala, msikitini, kanisani, kijiweni na bungeni. Kabla miezi miwili haijaisha ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Jirani zetu wa Kongo walipata somo hilo hilo. Septemba 2020 walianza kukatwa kwenye salio la simu ada iliyoitwa RAM, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za kisasa. Kuanzia Kinshasa mpaka Lubumbashi watu walipiga kelele, wabunge wakamkalia kooni waziri, na mwanzoni mwa 2022 ada ile ikafutwa.

Makato yanayoonekana yana watu wa kuyapinga. Yaliyofichwa hayana, kwa sababu kila mmoja anakatwa peke yake, kimya kimya, tarehe yake. Na akigundua anajilaumu, anaona aibu, hasemi. Aibu hiyo ni mtaji wa wanaotukata.

Mchezo wenyewe si mpya. Novemba 2009 kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Seneta Jay Rockefeller ilitoa ripoti juu ya kampuni tatu zilizokuwa zikijibanza kwenye tovuti za watu wengine, zikiwemo za kukata tiketi za ndege. Ulipomaliza kununua, dirisha liliruka likikuahidi zawadi ya fedha; ukibonyeza, tovuti uliyoiamini ilikabidhi namba za kadi yako kwa kampuni usiyoijua, nayo ikaanza kukukata kila mwezi. Ripoti ilihesabu tovuti zaidi ya 450 zilizoshiriki na mapato ya zaidi ya dola bilioni 1.4. Desemba 2010 sheria ikatungwa: kampuni ya pembeni hairuhusiwi tena kupokea namba za kadi yako kwa mlango wa nyuma, na yeyote anayekukata mara kwa mara lazima akueleze wazi, apate ridhaa yako, na akupe njia rahisi ya kujitoa. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Juni 2014, ulipiga marufuku visanduku vilivyokwisha kuwekewa alama kwa niaba ya mnunuzi.

Hata hivyo tamaa haikufa. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na mamlaka ya biashara ya Marekani, iliyodai kwamba iliwaingiza watu kwenye uanachama wa kulipia bila ridhaa ya kweli na kuwawekea vikwazo wakitaka kutoka. Kwa mujibu wa madai hayo, ndani ya kampuni njia ile ya kujitoa ilipewa jina la Iliad, ule utenzi mrefu wa Homer kuhusu vita visivyokwisha. Aliyechagua jina hilo alijua vizuri alichokuwa akikijenga.

Sasa turudi kwetu. Je, hatuna sheria? Tunazo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema watu wanahesabiwa kuwa wamekubaliana pale wanapoafiki jambo moja kwa maana moja. Mimi niliafiki tiketi ya kwenda Muscat. Mwenzangu aliafiki kunikata maisha yangu yote. Hapo pana jambo moja kweli? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji ampe mnunuzi nafasi ya kupitia muamala wote, kurekebisha makosa na kujitoa kabla hajaagiza. Tume ya Ushindani, FCC, ipo tangu Sheria ya Ushindani ya 2003, na udanganyifu kwa mlaji ni eneo lake. Benki Kuu ina kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na dawati la malalamiko.

Tatizo ni kwamba tovuti iliyonikata haina ofisi Songea, wala Dodoma, wala Dar es Salaam. Hakimu wetu hawezi kuiita. Ndiyo maana naamini mlango wa kuufunga si wa tovuti, ni wa benki. Tovuti iko mbali, lakini benki iliyonipa kadi iko mtaani kwangu, ina leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, na hakuna senti iliyotoka kwangu bila kupita mikononi mwake.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wengi hatulijui. Ile namba ya siri ya mara moja inayokuja kwa SMS hutulinda siku ya kwanza tu. Ukishaiandika, na kama ndani ya muamala ule mlikuwa na ruhusa ya kukata tena, muuzaji hutunza alama ya kadi yako, na kila mwezi anaituma mwenyewe. Hakuna SMS ya kukuuliza. Huja SMS ya kukuarifu tu, fedha ikiwa imekwisha kwenda. Na kadi za wengi wetu si za mkopo kama za Wamarekani, ambao hupewa bili kwanza na sheria ya 1974 inawapa siku 60 za kuipinga wakiwa bado hawajatoa chao. Kadi zetu zinachota moja kwa moja kwenye akaunti. Unapoanza kubishana, fedha yako tayari iko kwa mwenzako, na wewe ndiye unayeomba.

India iliona pengo hili ikaliziba. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021, Benki Kuu ya nchi hiyo imezitaka benki zimpe mteja taarifa angalau saa 24 kabla ya kila makato ya kujirudia, zikitaja nani anakata na kiasi gani, na zimpe nafasi ya kukataa. Makato makubwa, kwanza ya zaidi ya rupia 5,000 na kuanzia 2022 zaidi ya rupia 15,000, hayapiti mpaka mteja aandike namba mpya ya siri. Muuzaji anaweza kuwa popote duniani. Benki ya Mhindi haitoi fedha mpaka Mhindi awe ameambiwa.

Hilo ndilo ninaloliomba kwa Benki Kuu yetu, na ninaliomba bila kumung'unya maneno. Kwanza, taarifa ya Kiswahili itangulie makato, angalau siku moja, ikiwa na jina la muuzaji linaloeleweka. Pili, ndani ya menyu ya simu ya kila benki na kila pochi ya simu kuwe na orodha ya wote wenye ruhusa ya kunikata, na mbele ya kila jina neno moja: sitisha. Tatu, kusitisha kusiwe kugumu kuliko kujiunga. Na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ifanye vivyo hivyo kwa salio la simu: huduma ya kulipia isianze kwa mbonyezo mmoja wa bahati mbaya, na kila baada ya muda fulani mteja aulizwe upya kama bado anaitaka.

Wapo watakaosema masharti haya yatakwamisha biashara ya mtandaoni inayochipukia. Nawaheshimu, lakini naomba waangalie jinsi Mtanzania anavyolipia vitu. Umeme tunanunua kwa LUKU, kabla ya kuutumia. King'amuzi kikiisha muda, picha inazimika mpaka ulipie. Vocha, bando, gesi ya mtungi, vyote tunalipia tukiwa nacho, na mwezi tusipokuwa nacho tunakaa bila. Biashara hizo hazijafa; zimekua kwa sababu zinamwachia mteja uamuzi kila mara. Mkulima wa Namtumbo au Mbinga hapati fedha kila tarehe 25. Anapata akiuza mahindi au kahawa, kisha anaigawa kwa mwaka mzima kwa akili nyingi. Makato ya kila mwezi yametungwa kwa ajili ya mtu wa mshahara katika nchi nyingine. Yakiingia kwenye akaunti ya mkulima mwezi Februari, yanakula mbegu au ada ya mtoto.

Wakati tunasubiri kanuni, tusikae mikono mitupu. Kwa malipo ya nje, tumia kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya pochi ya simu, weka kiasi cha tiketi tu, kisha uiache tupu au uifunge. Bei ya mwanachama ikiwa chini kuliko bei ya kawaida, jiulize tofauti hiyo itarudishwa na nani. Soma SMS za benki, hata za shilingi elfu mbili. Ukikuta jina usilolijua, usingoje mwezi wa pili: jitoe kwenye tovuti kwa maandishi na utunze nakala, kisha nenda benki ukajaze fomu ya kupinga muamala, maana kwa taratibu za mitandao ya kadi muda wa kupinga kwa kawaida hauzidi siku 120. Benki isipokusikiliza, peleka malalamiko Benki Kuu. Mimi nilichelewa. Nilirudishiwa makato mawili ya mwisho, matatu yakapotea.

Na wewe unayesimuliwa na jirani yako kwamba amekatwa, nakuomba usianze na lile swali la kusoma. Nilipomweleza shangazi, hakuniuliza kama nilisoma. Alikaa kimya kidogo kwenye jamvi, akauliza: "Mwanangu, hao watu, walikuuliza?"

Nilishindwa kumjibu, na bado ni swali bora kuliko yote niliyoulizwa. Kusoma ni mzigo wa anayekatwa. Kuuliza ni wajibu wa anayekata. Miaka yote tumemtwisha mzigo aliye dhaifu na kumsahau mwenye wajibu.

Nakumbuka siku aliporudi kutoka Muscat. Nilimpokea Stendi ya Shule ya Tanga baada ya safari ya usiku na mchana kutoka Dar es Salaam, miguu imemvimba, mkononi ana begi la zawadi za wajukuu. Kabla hajakanyaga chini vizuri bodaboda watatu walikuwa wamemzunguka. "Mama, twende?" "Mama, wapi nikupeleke?" Akawaambia, "Hapana wanangu, nimepokelewa." Wakamtakia siku njema, wakageukia abiria mwingine. Vijana wale wanahangaika na jua la Songea kutafuta shilingi elfu, na hakuna hata mmoja wao aliyempakia mtu bila kumuuliza.